Mwanao akiitwa JKT mwandae, usimfiche

 

Ndugu Waislamu, kila mwaka vijana wetu wa kidato cha sita wanapomaliza mitihani yao, Jeshi la Kujenga Taifa hutangaza majina na kambi walizopangiwa. Huyu anakwenda Ruvu, yule Mgambo, mwingine Makutupora, mwingine Bulombora kule Kigoma, mwingine Mafinga kwenye baridi. Na kila mwaka, kwa kuwa kazi yangu ni kufundisha Maarifa ya Uislamu kwa vijana wa umri huo, napata swali moja kutoka kwa wazazi wa Kiislamu wa hapa mjini. Swali lenyewe haliulizwi kwa sauti. Mzazi husubiri watu wapungue msikitini baada ya Isha, kisha huniambia, "Ustadhi, hivi hakuna namna huyu mtoto akabaki?" Wapo wanaokwenda mbali zaidi. Wanasema kuna mahali panapatikana cheti cha daktari kinachoonesha kuwa kijana ana maradhi ambayo hana, na wanataka kujua kama hilo lina dhambi.

Nimeona nilijibu hadharani, kwa sababu wanaouliza ni wengi, na wasiouliza lakini wakafanya nadhani ni wengi zaidi. Jibu langu kwa ufupi ni hili: mwanao akiitwa, mwandae aende. Usimfiche. Na hasa usimfiche kwa uongo. Sasa tuyatazame maelezo yake.

JKT ilivyoanza

Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa tarehe 10 Julai, 1963, nchi ikiwa bado changa, ikiwa na wasomi wachache na barabara chache. Lilianza na vijana wa kujitolea. Baadaye sheria ikawataka waliohitimu masomo ya juu nao wapite kambini kabla ya kuingia kazini. Mafunzo hayo ya lazima yalisitishwa mwaka 1994, na yakarejeshwa mwaka 2013, ambapo hata baadhi ya wabunge vijana walivaa kombati wakaenda kambini. Leo kuna makundi mawili: vijana wa mujibu wa sheria, ambao kwa kawaida hukaa miezi mitatu, na vijana wa kujitolea, ambao mkataba wao ni miaka miwili. Ndugu zetu wa Zanzibar wanalo Jeshi la Kujenga Uchumi, JKU, lenye shabaha inayofanana na hiyo.

JKT wenyewe hutaja kazi zao kuwa tatu: malezi ya vijana, uzalishaji mali na ulinzi. Jambo hili si la Tanzania peke yake. Kenya walianzisha lao mwaka 1964. Nigeria, nchi yenye Waislamu wengi mno, walianzisha utumishi wa vijana wao mwaka 1973, miaka mitatu tu baada ya kumalizika vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe. Mhitimu wa chuo hupelekwa mwaka mzima katika jimbo lisilo lake, kwa makusudi kabisa, ili kijana wa Kano akaishi na watu wa kusini na wa kusini akaishi kaskazini. Waliokwisha kumwagiana damu walitambua kwamba wasipoonana watoto wao, wataonana tena kwa mtutu wa bunduki.

Kuwatumikia watu ni ibada

Tumezoea kuigawa dunia mafungu mawili. Fungu la msikitini tunaliita dini, na fungu la shambani, barabarani na mtaroni tunaliita mambo ya serikali. Mgawanyo huu hatukuupata kwa Mtume (s.a.w.).

Alipofika Madina, kazi ya kujenga msikiti hakuwaachia watu wengine. Alibeba matofali pamoja na maswahaba. Mwaka wa 5 Hijria, Makuraishi na washirika wao walipokuja kuuzingira mji, Salman al-Farsi (r.a.) alishauri lichimbwe handaki. Mtume (s.a.w.) hakukaa kivulini akitoa amri. Alichimba, akabeba udongo mpaka vumbi likamfunika, na njaa ya siku zile ilikuwa kali kiasi cha kufunga jiwe tumboni. Hiyo ilikuwa kazi ya mikono, ya pamoja, kwa ajili ya usalama wa mji mzima.

Tena tunafundishwa katika hadithi sahihi aliyoipokea Anas (r.a.) kwamba maswahaba walikuwa safarini na Mtume (s.a.w.) siku ya joto kali. Wapo waliofunga na wapo waliokula. Walipotua, waliofunga walianguka kwa uchovu, na wale waliokula wakasimama wakatandika mahema na kuwanywesha wanyama. Mtume (s.a.w.) akaeleza kuwa siku hiyo waliokula ndio walioondoka na ujira. Tuizingatie vizuri hadithi hii. Funga ni nguzo ya Uislamu. Lakini siku ile, ndani ya safari ile, ndoo ya maji na kamba ya hema vilitangulia mbele ya Mwenyezi Mungu kwa sababu viliwafaa wengine.

Tusome pia kisa cha Dhul-Qarnayn katika Suratul-Kahf, aya ya 94 na 95. Sura hii wengi wetu tunaisoma kila Ijumaa. Watu waliosumbuliwa na Yaajuj na Maajuj walimwendea wakamuomba awajengee kizuizi, na wakajitolea kumlipa. Akawaambia kuwa alichopewa na Mola wake ni bora kuliko malipo yao, ila akawataka wamsaidie kwa nguvu zao. Hakuchukua mali yao, alitaka mikono yao. Kila nikifika hapo darasani huwatajia wanafunzi wangu ukuta wa Mirerani. Mwaka 2017 serikali iliamua kuyazungushia ukuta machimbo ya tanzanite yaliyokuwa yakivuja kila upande. Kazi ile ilifanywa na vijana wa JKT, ukuta wenye urefu wa kilometa 24.5, na ulizinduliwa Aprili 2018. Ujenzi wenyewe ulichukua miezi michache tu. Sisemi ukuta ule ni sawa na wa Dhul-Qarnayn. Ninachosema ni kwamba Qur'an imekwisha tuonesha kuwa jamii hulindwa na watu wake kutoa nguvu zao, na mtu wa Mungu hakuona haya kuwataka watoe.

"Hilo ni jeshi la serikali"

Wapo wanaosema, haya yote ni sawa kwa dola ya Kiislamu, lakini serikali yetu haina dini, itatuhusu nini kuijengea? Wengine wanaongeza malalamiko ya zamani: nafasi za masomo, nafasi za kazi, Waislamu kuachwa nyuma. Mimi si mgeni wa malalamiko hayo, na mengine yana ukweli wake. Lakini hayawezi kuwa hoja ya kukaa pembeni.

Kabla ya kupewa utume, Muhammad (s.a.w.) alihudhuria nyumbani kwa Abdullah bin Jud'an mkataba uitwao Hilful-Fudhul. Watu wa Makka waliapa hapo kwamba watamsaidia kila aliyedhulumiwa, awe mwenyeji au mgeni. Waliofunga mkataba ule hawakuwa Waislamu. Hata hivyo, baada ya kuja Uislamu, Mtume (s.a.w.) alieleza kuwa lau angeitwa tena kwenye mkataba kama ule angeitika. Nabii Yusuf (a.s.) naye, katika aya ya 55 ya sura yenye jina lake, aliomba asimamie hazina za nchi ya Misri, chini ya mfalme asiyekuwa Muislamu, kwa kuwa alijijua ni mhifadhi na mjuzi. Kwa ajili ya hatua ile watu waliokolewa na njaa ya miaka saba. Na katika aya ya 2 ya Suratul-Maida tumeamrishwa tusaidiane katika wema na uchamungu, na tumekatazwa kusaidiana katika dhambi na uadui. Kipimo chetu kiwe kazi yenyewe. Kuchimba mtaro wa maji, kupanda mahindi, kujenga darasa, kumwokoa aliyekumbwa na mafuriko, hayo ni mema, aliyeyaamrisha awe nani.

Ama suala la viongozi kudai wengine watumike, nalo tulitazame kwa uadilifu. Tarehe 22 Oktoba, 1966, wanafunzi wa Chuo Kikuu hapa Dar es Salaam waliandamana hadi Ikulu kupinga kwenda jeshini kwa lazima, wakilalamikia, pamoja na mengine, kukatwa sehemu kubwa ya mishahara yao. Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao karibu wanafunzi 400. Lakini papo hapo alitangaza kuukata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Sisi Waislamu tuna mengi ya kusema juu ya utawala wake. Ila Suratul-Maida hiyo hiyo, aya ya 8, inatukataza chuki yetu kwa watu isituondoe katika uadilifu. Katika lile la mshahara, aliyedai wengine wajinyime alijinyima. Ndivyo inavyotakiwa, na ndivyo tunavyopaswa kuwakumbusha viongozi wa leo: anayemtaka mtoto wa Manzese aende kambini, na wake aende.

Tusisahau pia historia yetu. TANU ilipoasisiwa tarehe 7 Julai, 1954, miongoni mwa waasisi wake alikuwamo Abdulwahid Sykes, na wazee wengi wa Kiislamu wa mji huu walikuwa mstari wa mbele kwa mali zao na miguu yao. Hawakusubiri nchi iwe ya Kiislamu ndipo waipiganie. Nchi hii tuna hisa ndani yake. Hatuwezi kudai hisa hiyo kila Ijumaa, halafu ifikapo zamu ya kubeba jembe tukasema hayatuhusu.

Anachokipata kijana

Mimi mwenyewe nilikuwa kuruta katika miaka ile ya mwanzo baada ya mafunzo kurejeshwa, kwa hiyo nasema ninachokijua. Kambini hakuna mtoto wa bosi wala mtoto wa mama ntilie. Wote mnanyolewa, wote mnaamshwa alfajiri kwa mchakamchaka, wote mnapanga foleni ya bwaloni mkiwa na sahani mkononi. Kijana wa mjini aliyezoea kufuliwa nguo na kupakuliwa chakula atajifunza kufua, kufyeka, kulima, kusafisha choo alichokitumia mwenzake. Haya si madogo. Tunawaozesha vijana wasioweza kuteka ndoo ya maji, kisha tunashangaa ndoa hazidumu.

La pili ni afya na nguvu. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa Muumini mwenye nguvu ni bora na anapendeza zaidi kwa Mwenyezi Mungu kuliko Muumini dhaifu, ingawa wote wana kheri. Vijana wetu wa leo wanakaa na simu mpaka usiku wa manane na wanapanda bodaboda kwenda umbali wa kutupa jiwe.

La tatu ni kujuana. Katika hanga letu nilipangiwa kitanda cha juu, na wa chini yangu alikuwa Msukuma, Mkristo, ambaye hakuwahi kukaa na Muislamu. Ramadhani ilitukuta kambini. Usiku wa tatu nikashtuka mtu ananitikisa. Ni yeye. Alikuwa zamu ya doria, akasikia wenzangu wanakwenda kula daku, akaona mimi nimelala. Tangu usiku ule hakuacha kuniamsha. Suratul-Mumtahina, aya ya 8, haitukatazi kuwafanyia wema na uadilifu wasiotupiga vita kwa ajili ya dini. Aya hiyo nilikuwa nikiisoma tangu chuo cha Qur'an, lakini maana yake niliielewa kwa mkono wa mtu ulionishika bega gizani.

Hapa nitoe tahadhari. Wengi wanawapeleka watoto JKT, hasa kwa kujitolea, wakiwa na jambo moja tu kichwani, nalo ni ajira. Ni kweli kwamba matangazo ya kuandikisha askari wapya wa JWTZ yamekuwa yakitaka waliopitia JKT, na hilo ni mlango ambao Waislamu tusiufunge kwa mikono yetu wenyewe kisha tukalalamika kuwa umefungwa. Lakini JKT wenyewe wametangaza mara kwa mara kuwa hawatoi ajira. Anayewaahidi ajira kwa malipo ni tapeli. Kijana aende kwa nia ya kutumikia na kujifunza. Vitendo huzingatiwa kwa nia. Riziki ikija ni fadhila za Mwenyezi Mungu, na isipokuja, ujira wake haukupotea.

Hofu za wazazi

Sasa nije kwenye hofu ambazo si za kupuuza.

Kwanza, swala. Suratun-Nisaa, aya ya 102, imeeleza namna ya kuswali jeshi likiwa mbele ya adui, kundi moja likiswali na jingine likilinda. Ikiwa swala haikuondoka hapo, haiondoki kwenye kwata. Lakini angalieni, aya hiyo hiyo imeonesha kuwa swala ilipangwa ndani ya utaratibu wa jeshi, haikuvunja safu. Sisi tulimteua mwenzetu mmoja, mpole wa maneno, akamwendea afande na kumweleza nyakati zetu. Adhuhuri tuliipata wakati wa chakula cha mchana, na Alasiri kabla ya michezo. Hatukugoma, wala hatukujificha nyuma ya majengo kama wezi. Mara nyingi anayenyimwa swala ni yule aliyeona haya kuiomba.

Pili, funga. Mwaka 2013 Ramadhani ilianza Julai, mwaka 2016 ilianza Juni, yaani katikati ya msimu wa mafunzo. Sasa imesogea: mwaka 2024 na 2025 ilianza Machi, na mwaka 2026 Februari. Kwa mpangilio wa miaka ya karibuni, ambapo vijana huitwa baada ya mitihani ya Mei, mujibu wa sheria hawakutani nayo. Kijana wa kujitolea wa miaka miwili atakutana nayo, naye ajue kuwa mgonjwa na msafiri wamepewa ruhusa katika Suratul-Baqara, aya ya 184 na 185, lakini uvivu haukupewa ruhusa.

Tatu, stara ya mabinti. Hili ndilo zito kuliko yote, na mzazi anayeliogopa hakosei. Katika orodha ya vifaa ambayo JKT imekuwa ikiitangaza imo bukta ya rangi ya bluu iliyokolea inayoishia magotini, na fulana. Kwa mwanamume hilo lina mjadala mdogo. Kwa binti wa Kiislamu aliyebaleghe, bukta mbele ya wanaume si stara. Binti afungashe pia suruali pana ya michezo na kitambaa cha kichwa vya rangi zinazokubalika, na aombe mapema, kwa adabu, kuvitumia. Lakini mzigo huu usiwe wa binti wa miaka 19 peke yake mbele ya afande. Katiba ya nchi, ibara ya 19, imetambua uhuru wa mtu kufuata dini yake. Kazi ya taasisi zetu za Kiislamu ni kuandika barua kwa utulivu, kuomba kikao na Makao Makuu ya JKT, na kupata mwongozo wa maandishi juu ya mavazi, swala na sehemu za ibada kwa kambi zote. Kuandika barua ya namna hiyo ni khidma kubwa kuliko hotuba kumi za kulaumu.

Nne, kuchanganyika na tabia mbaya. Ni kweli, hatari ipo. Ipo pia hosteli ya chuo anakokwenda miezi michache baadaye, tena huko hakuna wa kumuuliza alilala wapi. Mzazi anayemzuia binti asiende kambini kwa miezi mitatu, kisha akamkodishia chumba karibu na chuo kwa miaka mitatu, ameogopa mbu akamwacha nyoka. Kuhusu safari, baba au kaka amsindikize binti mpaka langoni. Mwenye shaka juu ya hukumu ya safari yenyewe akae na shekhe anayemuamini, amweleze hali ya binti yake kama ilivyo.

Tano, utii. Kijana anaambiwa jeshini amri haijadiliwi. Mtume (s.a.w.) alituma kikosi chini ya kamanda, kamanda akakasirika, akawasha moto na kuwaamuru askari wake wauingie. Wakakataa. Habari ilipomfikia Mtume (s.a.w.) alieleza kuwa lau wangeuingia wasingetoka humo, na kwamba utii ni katika mema tu. Basi mwanao akiambiwa kimbia, akimbie. Akiambiwa lima, alime. Akiambiwa na yeyote afanye maasi, awe na cheo gani, akatae, na apeleke taarifa kwa mkubwa zaidi. Kijana aliyefundishwa mpaka huo nyumbani hapotei. Asiyefundishwa atapotea hata akibaki sebuleni kwa mama yake.

Cheti cha uongo

Nirudi kwenye lile swali la cheti. Mwenye maradhi ya kweli, au ulemavu, ana udhuru, na auseme kwa uwazi. Dini yetu haimkalifishi mtu asichokiweza, na Suratut-Taghabun, aya ya 16, imetutaka tumche Mwenyezi Mungu kadiri ya uwezo wetu. Ibn Umar (r.a.) alijitokeza siku ya Uhud akiwa na miaka 14, Mtume (s.a.w.) akamrudisha. Akaja siku ya Khandaq akiwa na miaka 15, akakubaliwa. Udhuru wa kweli unaheshimiwa, na wakati wake ukiisha mtu anakwenda.

Ama kumtengenezea mtoto mzima maradhi ya karatasi, hiyo ni haramu, wala haina njia ya kuipindisha. Ni uongo, ni ushahidi wa uzushi, na huyo daktari aliyepokea pesa amekula rushwa kutoka mfukoni mwa mzazi. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa ukweli huongoza kwenye wema na wema huongoza Peponi, na uongo huongoza kwenye uovu na uovu huongoza Motoni. Tena hebu tujiulize, ni somo gani tunampa huyo mtoto? Miaka 18 tumemwambia asiseme uongo. Siku ya kwanza serikali ilipomwita atumike, baba yake, mwenye sijida usoni, akamnunulia uongo wenye muhuri. Tulitaka kumwokoa na tabia mbaya za kambini, kumbe tabia mbaya tumempa wenyewe, hapa hapa nyumbani.

Misikiti ifanye nini?

Tumezoea kuwafanyia semina wanaokwenda Hija. Basi majina ya JKT yanapotoka, imamu awakusanye vijana wa mtaa wake kwa siku mbili tatu. Wafundishwe kukusanya na kupunguza swala na wakati gani inafaa, kutayamamu, kupangusa juu ya soksi za ngozi na masharti yake, mipaka ya utii, adabu ya kuishi na wasiokuwa Waislamu, na mabinti wakae na ustadhati wao waulize yale wasiyoweza kumuuliza imamu. Waliokwenda mwaka uliopita waitwe wawasimulie wadogo zao. Waislamu waliopangiwa kambi moja wajuane kabla ya kupanda basi, na wachague kiongozi wao, kama Mtume (s.a.w.) alivyotufundisha kuwa watu watatu wakitoka safarini wamweke mmoja wao kuwa amiri. Na wakirudi, tusiwaache wakae vijiweni. Tuwape kazi ya kusafisha makaburi yetu, kuzibua mitaro ya mtaani kabla ya masika, kufundisha watoto wa madrasa. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa kuondoa kero njiani ni sadaka, na njia zetu hapa mjini zimejaa kero.

Ndugu msomaji, kama una mtoto ambaye jina lake limetoka, kaa naye usiku wa leo. Mkumbushe nia. Mpe msahafu mdogo. Mwambie kuwa watakaomwona huko wengi hawajawahi kusoma kitabu chetu, watausoma Uislamu katika jembe lake, katika ulimi wake na katika swala yake. Kisha mwombee, maana dua ya mzazi kwa mwanawe haina pazia.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awahifadhi vijana wetu wa kike na wa kiume popote walipo, awape nguvu katika miili na imani zao, awape wakuu wenye huruma, na ajaalie nchi hii iwe ya amani na uadilifu kwa wote. Amin.

Wabillahi tawfiq.